Hati Haionekani, Mnunuzi Yuko Mlangoni

Mwenyekiti, ndugu wamiliki wa nyumba, na ninyi mliokuja kwa niaba ya wazazi wenu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni wakili, na kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha umiliki wa nyumba na viwanja. Nimeombwa nizungumzie hati zilizopotea wakati wa kuuza nyumba. Nimekubali, ila nitaanza kwa kuipinga mada yenyewe: hati nyingi ninazoambiwa zimepotea hazijapotea hata kidogo.

Mambo huenda hivi. Mtu ameishi ndani ya nyumba yake miaka mingi. Amepata mnunuzi, bei imekubaliwa, wamepeana mikono. Wakili wa mnunuzi anaandika barua ya mistari miwili akiomba hati. Hapo ndipo kabati linafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu nyumba inunuliwe. Zinatoka risiti za maji, kadi za chanjo za watoto ambao sasa nao wana watoto, na funguo za makufuli yasiyojulikana yako wapi. Hati hakuna. Kuanzia dakika hiyo mwenye nyumba hufanya moja kati ya mawili. Ama anamzungusha mnunuzi, leo hivi kesho vile, akitumaini Mungu atafungua njia. Au anakimbia kuapa kwamba hati imepotea ili apewe nyingine haraka. La kwanza linakupotezea mnunuzi. La pili linaweza kukupeleka mahakamani, na si kama mlalamikaji. Nitalirudia hilo kwa urefu, lakini kwanza tujue ni kitu gani hasa kinachotafutwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria za ardhi za sehemu kubwa ya dunia leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Mahali ambapo ardhi imesajiliwa, umiliki wako umeandikwa kwenye daftari la msajili. Karatasi uliyopewa ni ushahidi wa kilichoandikwa humo. Ukipoteza kadi ya benki, fedha zako hazijaondoka kwenye akaunti. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba iliyosajiliwa.

Haikuwa hivi zamani. Kwa karne nyingi umiliki ulithibitishwa kwa fungu la hati: aliyeuza kwa fulani, fulani akamuuzia mwingine, mwingine akaweka rehani, akaikomboa, akamrithisha mwanawe. Pingili moja ikikatika, mnyororo wote unatiliwa shaka. Scotland waliona tatizo hilo mapema, wakaanzisha daftari la taifa la hati za ardhi mwaka 1617. Hatua kubwa zaidi ilikuja Australia Kusini mwaka 1858, chini ya sheria iliyosukumwa na Robert Torrens, mtu aliyekuwa amefanya kazi ya forodha kabla ya kuingia siasa. Koloni lile lilikuwa changa, lakini tayari hati nyingi zilikuwa zimepotea na wamiliki wengine hawakujulikana waliko. Jawabu la Torrens lilikuwa kuacha kuthibitisha historia yote kila mara nyumba inapouzwa. Serikali iandike kwenye daftari nani ni mmiliki leo, na maandishi hayo yawe ndiyo neno la mwisho. Mfumo huo umesambaa nchi nyingi, pamoja na nchi zetu za Afrika Mashariki kwa sura mbalimbali.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Ofisi ya usajili wa ardhi ya England na Wales ilianzishwa 1862, na usajili ukawa wa lazima katika maeneo yote kila nyumba inapouzwa kuanzia Desemba 1990. Tangu tarehe 13 Oktoba 2003, vyeti vya karatasi vilivyokuwa vikitolewa na ofisi hiyo havina tena nguvu ya kisheria. Mwenye nyumba iliyosajiliwa kule akikuta kabati tupu, hana sababu ya kukosa usingizi: wakili anachukua nakala rasmi ya daftari na mauzo yanaendelea. Marekani nako, hati ikishaandikishwa kwenye ofisi ya kaunti, kupotea kwa karatasi ya asili hakumzuii mtu kuuza. Nakala iliyothibitishwa na ofisi inatosha.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu aliyekosa hati lisiwe "nitapataje nyingine?" Liwe "daftari linasema nini?"

Hili unalijua kwa kufanya upekuzi rasmi, wengine mnaita sachi. Unahitaji namba ya kiwanja au namba ya hati. Huna hati, namba utaitoa wapi? Iangalie kwenye risiti za kodi ya ardhi au ya jengo, kwenye mkataba wa zamani wa mauziano, kwenye barua za benki, kwenye ramani ya mpima. Ukiwa na namba, majibu ya upekuzi kwa kawaida yatakuja katika sehemu tatu, na naomba mzisome zote, maana watu husoma ya katikati tu wakiona jina lao wakafurahi.

Sehemu ya kwanza inaeleza mali yenyewe: namba, mahali, ukubwa, na kama ni umiliki wa kudumu au wa miaka kadhaa. Hapa ndipo watu hugundua kwamba muda wa umiliki wao umebaki mfupi kuliko walivyodhani, au kwamba namba waliyokuwa wakiilipia kodi ni ya kiwanja cha jirani. Sehemu ya pili ni jina la mmiliki. Litazame herufi kwa herufi. Kama kitambulisho chako kina majina matatu na daftari lina mawili, au herufi moja imegeuka, lishughulikie sasa, kwa kiapo cha majina, kabla mnunuzi hajaliona. Tazama pia kama mmiliki ni wewe peke yako. Wengi wamesahau kwamba waliandikishwa wawili.

Sehemu ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ndiyo inayosema ukweli ambao familia imeusahau. Ni orodha ya mizigo iliyo juu ya mali: rehani, zuio, amri ya mahakama, haki ya jirani kupita. Ukikuta humo rehani ya benki, utafutaji wako wa kabatini umekwisha. Hati yako iko benki. Imekuwa huko siku zote.

Sasa tuingie kwenye kiini cha maneno yangu. Hati iliyoko kwa mtu unayemjua haijapotea. Inaweza kuwa ngumu kuipata, inaweza kuwa imekaliwa na mtu mkorofi, lakini haijapotea, na ukiapa kwamba imepotea umesema uongo chini ya kiapo.

Tuanze na benki, maana ndiko ziliko nyingi. Mtu alikopa, akalipa, akapata barua ya kumpongeza kwa kumaliza deni, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia kwamba kulipa deni ni jambo moja na kufuta rehani kwenye daftari ni jambo jingine. Benki inatakiwa isaini waraka wa kuondoa rehani, waraka upelekwe kwa msajili, ada ilipwe, na hati irudi kwa mwenyewe. Hatua hizo zisipofuatwa, deni limekufa lakini rehani inaendelea kuishi kwenye karatasi. Na kama benki ile imeungana na nyingine au imefilisika, kumpata mtu mwenye mamlaka ya kusaini kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko mauzo yenyewe. Aliyemaliza mkopo mwaka huu asisubiri auze nyumba ndipo adai waraka wake. Vyama vya akiba na mikopo ni hivyohivyo, na huko utunzaji wa kumbukumbu wakati mwingine ni wa mwenyekiti mmoja na kabati lake.

Kuna mahali pengine ambapo watu hawafikirii kabisa: masjala ya mahakama. Miaka iliyopita mpwa wako alikamatwa, ukamdhamini, hakimu akataka mali isiyohamishika. Ukapeleka hati. Kesi ikaisha, au ikafutwa, au mpwa akahamia mji mwingine, na wewe ukasahau. Mahakama haitakutafuta ikurudishie. Unahitaji namba ya kesi, barua ya kuomba kurejeshewa dhamana, na uvumilivu.

Mwulize pia wakili aliyeshughulikia ununuzi. Mawakili tunakaa na hati za watu kupita kiasi, nikiri kwa niaba ya wenzangu. Kama wakili huyo amefariki au ofisi imefungwa, mafaili yake hayakuchomwa. Kwa kawaida kuna ofisi nyingine iliyoyarithi, na chama cha mawakili au chombo kinachowasimamia kinaweza kukuelekeza. Mwulize na aliyekuuzia. Kuna wauzaji waliokabidhi nyumba, wakakabidhi funguo, na hati wakabaki nayo kwa sababu hakuna aliyeidai.

Halafu kuna hati iliyoko kwa ndugu. Kaka mkubwa ameishika kwa sababu hataki nyumba iuzwe, au mwenza mliyetengana naye ameondoka nayo ndani ya sanduku. Nimeshaombwa mara nyingi niandae kiapo cha upotevu katika hali hii. Nakataa, na nitaeleza sababu bila kuwahubiria. Ombi lako la hati mpya litatangazwa. Ndugu yule atasoma tangazo, au ataambiwa, na siku ya pili atakuwa kwa msajili na hati ya asili mkononi, haina hata kona iliyokunjika. Hapo ombi linakufa, uaminifu wako unakufa, na mgogoro uliokuwa wa kifamilia unakuwa wa jinai. Njia sahihi ni barua ya wakili ya kumtaka aikabidhi kwa tarehe fulani, na asipofanya hivyo, unaiomba mahakama imwamuru aitoe. Ni njia ndefu. Lakini mara nyingi barua peke yake hutosha, kwa sababu aliyeficha hati huwa anajua kwamba hana haki nayo. Na wakati mwingine, niseme wazi, barua inafichua kwamba ana haki: alichangia fedha, au ni mrithi mwenzako. Bora ujue hilo kabla hujapokea malipo ya awali ya mtu.

Hali nyingine inayofanana na upotevu ni hati ambayo haijawahi kuwepo. Mzee alinunua kwa mkataba wa mauziano, mashahidi wakasaini, akajenga, akafa. Watoto wanatafuta hati ambayo mzee hakuwahi kupewa. Au ilikuwepo, lakini ni ya shamba zima kabla halijakatwa viwanja, na iko kwa mtu aliyelikata. Au daftari bado lina jina la babu. Kwa watu hawa, ombi la hati mbadala halisaidii chochote, kwa sababu huwezi kupewa badala ya kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho. Mwenye jina la babu kwenye daftari aanze na mirathi: msimamizi ateuliwe na mahakama, jina lake liingie kwenye daftari kwa nafasi hiyo ya usimamizi, ndipo auze au agawe. Anayeuza nyumba ya marehemu kwa sababu tu ndiye aliyebaki anaishi ndani yake anauza kitu ambacho bado si chake cha kuuza, hata kama ndugu wote wamekubali kwa mdomo.

Sasa tumefika kwa wale ambao hati zao zimepotea kweli. Nyumba iliungua, mafuriko yalipita, mwizi aliondoka na begi, au baada ya kuulizia kote nilikotaja imethibitika haipo popote. Utaratibu unatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini mifupa yake ni ileile: taarifa, kiapo, tangazo, kusubiri, hati mpya. Kwa mfano, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 33, inataka wamiliki wote walioandikishwa waapishwe, si mmoja wao. Na kama mali ina rehani, benki au mkopeshaji anayeishikilia rehani hiyo naye anahusishwa. Kisha tangazo linatolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima, na msajili anasubiri siku 60 kabla ya kutoa hati nyingine. Tanzania nako msajili wa hati hutangaza kusudio lake kwenye Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze. Zikokotoeni hizo siku pamoja na zile za kukusanya karatasi na foleni ya ofisini, mtaona kwa nini nawasihi muanze kabla ya kumtafuta dalali. Mnunuzi mwenye mkopo ulioidhinishwa hasubiri. Idhini ya benki yake ina tarehe ya mwisho.

Nikae kidogo kwenye kiapo, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi hukwama. Viapo vingi ninavyoviona vinasema hivi: "Kwamba hati ya nyumba yangu imepotea na nimeitafuta bila mafanikio." Basi. Msajili akisoma sentensi hiyo hawezi kujua kama ana mbele yake mtu mkweli au tapeli, kwa kuwa wote wawili wangeandika hivyohivyo. Kiapo kizuri kina mambo ambayo tapeli angeogopa kuyaandika. Kinasema hati ilitolewa lini na namba gani. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa wapi, mkononi mwa nani, kwa shughuli gani. Nani waliulizwa, na walijibu nini. Ambatisha barua ya benki inayosema haina hati yako, na ya wakili wako wa zamani. Kinasema kwa maneno yasiyopindika kwamba hati haijawekwa rehani wala dhamana kwa mtu yeyote, iwe kwa maandishi au kwa makubaliano ya mdomo, na haijakabidhiwa kwa mnunuzi mwingine. Na kinaahidi kwamba ikionekana itarudishwa kwa msajili. Kama kuna jambo hulijui, andika kwamba hulijui. Mjane asiyejua mumewe alikuwa akiweka wapi karatasi zake aseme hivyo. Ni jibu la kweli na msajili amelisikia kabla.

Kwa nini ugumu wote huu kwa karatasi tuliyosema si umiliki wenyewe? Kwa sababu ya mchezo mmoja wa zamani. Mtu anachukua hati yake, anampelekea mkopeshaji wa mtaani, anachukua fedha. Hakuna rehani inayoandikishwa. Mkopeshaji anatosheka kuikalia hati. Mwezi unaofuata yule mtu anaapa kuwa hati imepotea, anapewa nyingine, anauza nyumba kwa mnunuzi asiye na habari, anatoweka. Mkopeshaji ana karatasi isiyo na thamani. Au ni kinyume chake: mwenye nyumba ana hati yake salama chumbani, na mtu mwenye kitambulisho cha kughushi anajitambulisha kuwa yeye, anaapa, anatoa tangazo, anapewa hati ya pili. Tangazo lile ambalo watu huliona kero ndiyo kengele pekee anayoisikia mwenye mali. Wale wenye nyumba wasizoishi, hasa mlio mbali nazo, fanyeni upekuzi wa mali zenu mara moja moja hata kama hamna nia ya kuuza. Ada yake ni ndogo kulinganisha na kesi.

Kwa mnunuzi, hati mbadala si dosari yenyewe. Ninapomwakilisha mnunuzi nikakuta hati imeandikwa kuwa ni ya pili, huuliza maswali matatu ya ziada: tangazo lilitoka lini, kuna pingamizi lolote lililowasilishwa, na nani anakaa ndani ya nyumba hiyo leo. La tatu ndilo lenye majibu mengi. Nenda ugonge mlango.

Tuje kwenye mkataba. Je, unaweza kusaini mauziano wakati hati mbadala bado inashughulikiwa? Unaweza, mradi mkataba useme ukweli. Umweleze mnunuzi tangu siku ya kwanza, kwa maandishi. Malipo ya awali yakae kwenye akaunti ya wakili, si mfukoni mwako, mpaka hati itoke. Tarehe ya kukamilisha ihesabiwe kuanzia siku hati itakapotolewa, na kuwe na ukomo ambao ukipita mnunuzi anarudishiwa fedha zake zote bila kugombana. Usimkabidhi funguo mapema kwa sababu ya huruma. Mtu akishaingia na kupaka rangi, kurudi nyuma ni kazi. Dalali atakwambia upunguze bei ili mnunuzi avumilie kukosekana kwa hati. Mimi nasema usipunguze kabla ya kujua tatizo lako ni lipi. Ukipunguza bei sana kwa nyumba isiyo na hati, unawavutia haswa wale wanunuzi ambao hutaki kufanya nao biashara.

Nigusie pia nyumba ambazo hazijasajiliwa popote, kwa sababu zipo, hata kwenye nchi zenye madaftari ya muda mrefu. Huko, karatasi ndiyo ushahidi, na ikipotea kazi ni kubwa zaidi. England, kwa mfano, muuzaji wa nyumba isiyosajiliwa anatakiwa kuonyesha mnyororo unaoanzia kwenye hati nzuri yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Hati hizo zikiwa zimepotea, anaomba usajili wa kwanza kwa kueleza zilivyopotea na kukusanya ushahidi mwingine: nakala, bili, viapo vya waliomjua akiikalia nyumba. Ofisi ikiridhika, inampa umiliki kamili. Isiporidhika, inaweza kumpa daraja la chini linalotambua kwamba yeye ndiye anayeikalia, na baada ya miaka 12 anaweza kuomba lipandishwe. Hati zikiwa zimepotelea mikononi mwa benki au wakili, ofisi huwa nyepesi kuridhika kuliko zikiwa zimepotelea nyumbani kwa mwenyewe. Si vigumu kuona sababu: benki haina faida ya kusema uongo kuhusu nani mmiliki.

Na daftari lenyewe likiungua? Limewahi kuungua. Oktoba 1871 moto mkubwa wa Chicago uliteketeza jengo la mahakama ya kaunti ya Cook pamoja na kumbukumbu za ardhi za mji mzima. Kilichowaokoa wamiliki ni vitabu vya kampuni binafsi zilizokuwa zikiandika mihtasari ya umiliki. Wafanyakazi walifanikiwa kuvitoa motoni, na mwaka uliofuata jimbo la Illinois likapitisha sheria iliyoruhusu mahakama kuvipokea kama ushahidi. San Francisco ilipopata tetemeko na moto mwaka 1906, ilitungwa sheria mwaka huohuo ya kumwezesha aliyeko ndani ya nyumba kwenda mahakamani umiliki wake uthibitishwe upya. Katika miji yote miwili, aliyekuwa na nakala mahali pengine alikuwa na kazi nyepesi kuliko jirani yake. Kwa hiyo piga picha hati yako, kila ukurasa, ikiwemo ramani iliyobanwa nyuma ambayo watu huisahau. Weka nakala iliyothibitishwa kwa wakili. Na namba yake iandikwe mahali ambapo mwenza au mtoto mmoja mkubwa anapajua. Nakala haitauza nyumba, lakini itakupa namba, tarehe na majina, yaani nusu ya kiapo tayari.

Kuna wanaouliza kuhusu bima. Nchi nyingine zina bima ya dosari za umiliki. Marekani ilianza karne ya 19 na leo ni jambo la kawaida, na Uingereza huitumia kuziba mapengo madogo, mathalani waraka mmoja wa zamani ukikosekana. Inafaa pale ambapo hatari ni ndogo na muda hauruhusu. Lakini kumbukeni bima hulipa hasara. Haimgeuzi mtu kuwa mmiliki. Na kabla ya kuanza kupiga simu huku na huku kuwauliza majirani au mamlaka, zungumza na wakili, kwa sababu baadhi ya kampuni hukataa kutoa bima zikijua tayari umeshaliamsha jambo.

La mwisho, ambalo huwa naulizwa mlangoni watu wakiwa wanaondoka: hati mbadala imeshatoka, na wiki hiyohiyo ya zamani inaonekana nyuma ya droo. Usiichane, na usiiweke kama kumbukumbu ya familia. Ile ya zamani haina nguvu tena tangu mpya ilipotolewa, lakini machoni pa mtu asiyejua inafanana kabisa na hati halali, na ikiangukia mkononi mwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kuchukua mkopo au malipo ya awali. Ipeleke kwa msajili pamoja na barua fupi, apige muhuri wa kuifuta, naye akupe stakabadhi. Kama mpya bado iko kwenye foleni, haijatolewa, simamisha ombi siku hiyohiyo na uendelee kuuza kwa ile ya asili. Ada uliyolipa huenda isirudi. Karibuni kwa maswali.